Funguo za Wingu na Nyundo ya Mzee

4 Februari

Dada Gundi,

Nimeula! Weka chini huo mkasi, vuta kigoda ukae, maana habari hii haisomwi mtu akiwa wima. Mdogo wako nimeula, tena kwa vijiko viwili. Wanasema Mungu akikupa hakuletei barua, ndiyo maana naileta mimi mwenyewe. Ukisubiri kusikia kwa watu watakupunguzia. Tangu mwezi uliopita nashika funguo za wingu.

Lakini kwanza, hamjambo? Kifua cha Mzee kimepoa? Mpe shikamoo yangu, na mwambie nimeikunja vizuri isichafuke njiani. Mimi mzima. Nimenenepa mpaka vifungo vya shati vimegoma. Kinachonisumbua ni mafua kidogo ya viyoyozi, maradhi ya wakubwa, wewe huwezi kuyajua.

Haya, wingu. Najua umeshachungulia dirishani. Acha ushamba. Wingu hili ni jengo, refu kama uwanja wa mpira, halina hata dirisha moja, na ndani limejaa mashine zilizopangwa safu kwa safu kama makabati. Wenye biashara wa kila aina, mabenki, mahospitali, hata wauza magodoro, wamekodi nafasi humo na kuweka makaratasi yao yote. Hawanunui mashine, hawaajiri fundi wa kuipulizia vumbi. Duka likiungua leo, kesho mtu anafungua simu yake anakuta kila kitu kipo, mpaka jina la mteja aliyemkopesha tabasamu. Na nani anaamua nani aingie na nani abaki nje? Mimi. Mkurugenzi mwenyewe akifika hapa ananisubiri. Haingii mpaka nimfungulie.

Sasa nikiikumbuka karakana yenu naona haya kwa niaba yenu. Miguu ya watu mia sita imechorwa kwa penseli, imelala kwenye rafu ya mbao, chini ya tangi la maji la jirani wa juu, jirani na pipa la gundi! Mende wanatafuna visigino vya wateja nanyi mnaita hiyo biashara. Karne gani hiyo?

Usinipigie simu. Humu simu zinaachwa mlangoni, ni mambo ya usalama. Isitoshe barua ina heshima zake.

Nakutumia na viatu vyangu vyeusi vya ofisini. Soli zimelika kidogo. Mzee aniwekee nyingine, nyembamba, za mtu anayekanyaga zulia.

Mdogo wako,
Mshika Funguo


27 Februari

Bwana Mkubwa wa Mawinguni,

Barua yako imefika ikiwa imesokomezwa ndani ya kiatu, na inanuka hivyo hivyo. Sisi hatujambo. Kifua cha Mzee kimetulia, macho ndiyo yanazidi kumkimbia. Uzi kwenye sindano siku hizi natia mimi. Shikamoo yako kaipokea. Kisha akauliza, "Huyu bado anajisifu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi mzima."

Nimesoma majigambo yako mara mbili, ya pili ili nicheke vizuri. Mtu anayetunza makaratasi ya dunia nzima ananiandikia kwa kalamu inayovuja, nyuma ya fomu iliyopigwa chapa "Jina la mgeni. Namba ya gari. Saa ya kuingia." Vipi, wingu limeishiwa karatasi?

Na hayo madaftari unayoyatukana ndiyo yaliyokukuza, wewe uliyefukuzwa kwenye benchi la Mzee kwa kuharibu hata kandambili, kitu ambacho hakina mshono. Viwanda vinashona viatu vya watu wanaofanana. Sisi tunashona vya wale ambao Mungu aliwachora kwa mkono. Mteja anavua, anasimama juu ya karatasi, Mzee anazungusha penseli, basi, mguu huo ni wetu mpaka mwenyewe azikwe. Hatuandiki namba, hatupimi kwa rula; tunakata ngozi juu ya mchoro. Na chini ya kila mchoro Mzee ameandika neno lake. Mwalimu wa shule ya pale juu: "Kushoto kufupi kwa unene wa kibiriti. Halalamiki, ndiyo shida yake." Hilo wingu lako linajua nani halalamiki?

Viatu vyako Mzee kaviangalia. Kavigeuza, kapitisha kidole gumba kwenye soli, kakaa navyo mapajani muda mrefu. Nikamuuliza, "Unaona nini?" Akasema, "Huyu hakai." Nikasubiri amalizie. Akaomba chai.

Kuna jambo moja, na sikuandikii ili uvimbe kichwa. Alikuja daktari wa mifupa wa hospitali kubwa. Ana wagonjwa arobaini wa miguu na anataka tuwashonee sisi. Sharti lake ni kwamba aione michoro yetu akiwa kule kule hospitali, aitie alama zake, na sisi tuzione siku hiyo hiyo. Atatupima kwa jozi moja, ya Mwalimu, mwisho wa Julai. Isipomkaa sawa, wagonjwa wote wanapelekwa kiwandani, na sisi tutabaki kubandika visigino vya watu wanaopita njia. Alipotaja njia ya kuiona michoro alitamka neno lako lile lile. Wingu. Nusura nimtoe na ufagio.

Dada yako


15 Machi

Dada Gundi, mtoto wa kwanza, mkaidi wa kwanza,

Hamjambo huko? Mimi sijambo kiasi cha kukera. Mafua yameisha. Mwambie Mzee namkumbuka, na soli ziwe nyembamba.

Fomu ni sera ya kampuni ya kutunza miti. Sisi wastaarabu karatasi tunaitumia pande zote mbili.

Sasa nisikilize, maana namsikitikia huyo daktari wa watu, kasoma miaka yote ile kuja kubishana na pipa la gundi. Chukua daftari moja. Likiwa kwako, kwa daktari halipo. Likiwa kwa daktari, wewe unashona kwa ndoto. Kwenye wingu linakuwa kwako na kwake kwa saa ile ile moja. Akitia alama nyekundu kwenye kidole cha mgonjwa, unaiona kabla wino haujakauka, na wino wenyewe hakuna. Ukikosea, ile ya jana ipo imehifadhiwa, unairudisha. Wewe ukikosea unakwangua karatasi kwa wembe mpaka inatoboka halafu unasema ni kidonda cha mteja. Nafasi unakodi ndogo. Wateja wakizidi unaongeza, wakipungua unapunguza. Rafu yako ya mbao inajua kupungua? Na unapanga nani aone tu na nani aruhusiwe kubadilisha, siyo kama pale kwenu ambapo kila anayesubiri kiatu anapekua miguu ya wenzake kama gazeti.

Ila chagua neno la siri lenye akili. Usiweke jina lako. Usiweke moja, mbili, tatu, nne. Nimeona watu wazima wenye tai wakifanya hivyo, nikawadharau mpaka mate yakakauka.

Kazi yenyewe ni ya mtoto mdogo. Chukua simu yako, piga picha mchoro mmoja mmoja, zirushe juu, basi. Hayo madaftari yawashie moto upate joto. Picha ya mguu ni mguu. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Wako,
Mshika Funguo (nikifika huwa wananipisha)


20 Aprili

Wewe Domo,

Nimefanya. Usishangilie, sikufanya kwa ajili yako. Wiki ile baada ya barua yako Mzee alimchora mteja mmoja vidole sita, na mteja ana vitano. Aliponiona navihesabu tena akasema, "Nimeongeza?" Nikamwambia umeongeza kidogo. Siku hiyo hakuchora tena. Nikajua kama michoro ya zamani ikipotea, mwenye kuirudia hayupo.

Kazi ya mtoto mdogo, eti! Michoro mia sita na kumi na miwili, siku tisa. Nilipanda juu ya kigoda, simu nimeishikilia juu ya benchi kama mtu anayemwagia mtu maji kichwani. Feni likawa linapeperusha karatasi, kulizima hatuwezi kwa harufu ya gundi, ikabidi kila karatasi niibane kwa nyundo ya Mzee. Mzee alikaa pembeni, nikimwonyesha mguu anautolea hukumu. "Huyu alikanyaga moto akiwa mdogo." "Huyu mkewe ndiye alikuwa anasema kiatu kinabana, yeye hakisikii." "Huyu alikufa, muache apumzike." Nikampiga picha na yeye, mtu akifa mguu wake haujafa.

Mtaalamu wa kompyuta wa ile hospitali akanionyesha mahali pa kuziweka. Neno la siri nimeweka, na silitaji hata kwako mwenye funguo.

Madaftari sijachoma. Nimeyarudisha kwenye rafu yakusubiri uje uyaombe radhi.

Siku ya saba nilikupigia nikuulize kitu. Simu ikaita, ikapokelewa, nikasikia honi ya lori na mtu anafoka, ikakatwa. Humo ndani ya wingu mnaendesha malori?

Viatu vyako bado viko kwa Mzee. Nilimwambia unataka soli nyembamba. Akanitazama kama nimemtukania ukoo.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Salamu kwako na kwa Mzee. Hapa ni shwari.

Ile honi ni kengele ya mitambo. Ikilia tunajua joto limepanda, tunapunguza. Mtu kufoka ni kawaida, wataalamu wote wana hasira.

Nilisema au sikusema? Nilisema! Ilibidi mtu aondoke kwenu, avuke milima, ashike funguo za dunia, ndipo mtoe miguu kwenye rafu. Ningependa nikuone juu ya hicho kigoda. Kata kipande cha ngozi uandike: "Mdogo wangu alisema kweli." Kitundike mlangoni, wateja wajifunze kusoma.

Mwambie Mzee vidole sita siyo kosa. Kuna watu wanavyo.

Mshika Funguo


3 Juni

Mdogo wangu,

Leo salamu ni fupi. Mzee mzima, mimi mzima, karakana si nzima.

Tangi la jirani wa juu lilipasuka Alhamisi asubuhi. Tulisikia kishindo, kisha dari likakojoa, samahani, sina neno lingine. Rafu ilianguka na madaftari yote saba. Nilipoyafungua penseli ilikuwa imehama, miguu imevimba na kuyeyuka, kurasa zimeshikana. Mzee alipapasa ule mkate wa karatasi akasema, "Miaka thelathini na moja." Basi.

Nikatoa simu. Nikamwonyesha. Yote mia sita na kumi na miwili ipo, mpaka marehemu. Sasa nasema mara moja, na sirudii hata ukinichapa: wingu lako limetuokoa. Umeridhika? Haya, shuka, maana sijafika.

Kesho yake nilipeleka picha kwenye duka la kuchapisha ili nipate mchoro wa Mwalimu na nianze kiatu. Mwenye duka, kichwa chake kizuri kwa kofia tu, kila mguu akaujaza ukurasa mzima. Mguu wa muuza nyama umetoka sawa na mguu wa mjukuu wake! Mji mzima sasa una mguu mmoja! Nikamwambia punguza. Akasema, "Nipunguze mpaka wapi, mama?" Na mimi sijui. Karatasi ilikuwa na mguu wa saizi ya mguu. Picha haina saizi. Kigoda nilikuwa napanda, mkono ukichoka nashusha simu, ukipona nainua, hakuna picha mbili zilizolingana. Nilijaribu kukisia, nikamshonea Mwalimu kiatu ambacho angeweza kulala ndani na kujifunika kamba. Alivaa, akasema, "Kizuri." Halalamiki! Nikakitupa chini nikalia mbele yake.

Kumwita achorwe upya tunaweza, lakini kwa macho ya nani? Mimi nimemchora mara tatu na mara tatu nimepata miguu mitatu. Na waliobaki mia sita na kumi na mmoja? Daktari anakuja mwisho wa mwezi ujao.

"Picha ya mguu ni mguu." Nani aliandika hayo? "Nalijua kama ninavyojua jina langu." Jina lako basi ni nani? Debe tupu wewe, unavuma na kuvuma, watu wazima tunageuka kusikiliza. Una funguo, una wataalamu wenye hasira, una mkurugenzi anayekusubiri mlangoni. Waulize. Nimekupigia mara saba. Nijibu jambo moja tu: picha isiyo na saizi inarudishwaje saizi yake?

Dada yako


1 Julai

Dada,

Pole. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena.

Suala lako nimelifikisha kwenye ngazi za juu. Haya mambo yana taratibu zake, kuna kamati, kuna kikao, wingu siyo kioski. Kwa kawaida mfumo unaweza, isipokuwa mfumo wenyewe, kitaalamu

Hapo nimekata kwa mstari. Nakuandikia kama ilivyokuwa. Siku nane nimekuwa nikiwauliza wataalamu, mmoja mmoja, kila anayepita. Wa kwanza alicheka. Wa pili alipandisha kioo. Usiulize kioo gani. Wa tisa, mama mmoja mwenye miwani, akatulia akanisikiliza mpaka mwisho, nikamweleza habari za Mwalimu na za kigoda, huku nyuma wanapiga kelele tuwaondokee njiani. Akasema picha haiwezi kujua ukubwa wake yenyewe. Akaniuliza swali moja: "Kwenye hizo picha hakuna kitu kingine chochote ambacho dada yako anajua urefu wake?" Nikamwambia mama, dada yangu ni fundi viatu, hana rula, ana kiburi tu. Akasikitika, akaenda zake.

Ndilo nililopata, swali badala ya jibu. Madaftari ningeyabeba mgongoni ningekuwa huko. Nilikwambia uyachome, na usiku wa kuamkia leo nimewaza, je, kama ungenisikia? Nitukane tu. Nimekaa tayari.

Mdogo wako


22 Julai

Domo wa mama yangu,

Shikamoo yako ya barua iliyopita haikuwemo, Mzee kaidai. Yeye mzima, anatembea karakana nzima anapiga mluzi, hatulali.

Wewe ni mjinga, na mimi ni mjinga mwenzako, tofauti yetu ni kwamba mimi sijisifu. Aprili nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba karatasi nilizibana kwa nyundo. Husomi barua za watu, unaandika tu! Na mimi niliyeiweka nyundo mara mia sita na kumi na mbili sikuiona. Nilimsomea Mzee barua yako, nikafika kwenye swali la yule mama mwenye miwani. Mzee akanyoosha mkono, akaipapasa nyundo kwenye benchi, akaniwekea mbele yangu.

"Hii imo kwenye picha?"

"Imo."

"Zote?"

"Zote, Mzee."

"Basi nyundo yangu ni hii. Haijakua, haijapungua. Mwambie huyo wa duka avute picha mpaka nyundo ya karatasi itoshane na nyundo ya mkono. Mguu utajifuata wenyewe."

Nikatembea mjini na nyundo mkononi, watu wakinipisha njia kama wanavyokupisha wewe. Mwenye duka aliponiona naingia nayo akainua mikono juu. Tukachapa, tukapunguza, tukachapa, nikailaza nyundo juu ya karatasi mpaka ikaifunika picha yake sawasawa. Mguu wa Mwalimu ukatoka, na neno la Mzee chini yake. Daktari naye kule kwake akatia alama nyekundu kwenye kisigino, nikaiona nikiwa dukani, nyundo bado iko kwapani. Nikashona.

Ijumaa daktari alikuja kupima, hakungoja mwisho wa mwezi, Mwalimu yupo. Mwalimu akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Akasimama kwa ule mguu mfupi peke yake, mikono kifuani, akasema, "Nani kainyoosha sakafu yenu?" Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akalalamika: kamba fupi! Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Wagonjwa arobaini ni wetu.

Sasa daktari anawaita mafundi kumi wa hapa, seremala wa viungo vya mbao, fundi miwani, mshona mikanda ya mgongo, tarehe thelathini Agosti. Anataka waambiwe wingu lina faida gani kwa watu wa mikono. Mimi, kwa domo langu, nikasema nina mdogo wangu anayeshika funguo. Wameandika jina lako kwenye tangazo: Mgeni Rasmi. Utakuja? Jibu kwa barua, simu yako ina malori mengi.

Kwenye kifurushi kuna viatu. Si vile vyako, vile Mzee amekataa kuvigusa. Hivi ni vipya. Mguu wako ulikuwa kwenye daftari la saba. Alikuchora asubuhi unaondoka, mguu mmoja umeshaingia ndani ya kiatu. Chini aliandika, "Anakanyaga upande wa nje. Ana haraka." Nimekuchapa kwa nyundo kama wengine.

Usiulize kwa nini soli ni nene hivyo. Vaa. Mzee kanituma nikuandikie maneno haya bila kuongeza langu: "Kusimama nako ni kazi."

Dada yako


10 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo wewe. Shikamoo Mzee, mbili, moja ni ile anayonidai.

Viatu vimeingia kama vilinizaa. Nimeshinda navyo siku nzima, na jioni magoti hayakusema neno. Umri huu ndiyo kwanza nayasikia yamenyamaza. Niliyakunja yale maneno ya Mzee nikayatia mfukoni mwa shati, hicho kifungo hakijagoma.

Tarehe thelathini nitakuja, lakini nifutie jina kwenye tangazo. Nitakaa benchi la nyuma na viatu vyangu. Utakayesema ni wewe. Waambie tangi lilipasuka na miguu haikulowa. Waambie daktari alitia alama kule nawe ukaiona dukani. Waambie hawana haja ya kununua mashine, na neno la siri wasiweke moja, mbili, tatu, nne. Halafu waambie kila kitu wakipiga picha waweke nyundo. Hilo hata wingu lenyewe halikulijua, limetoka kwenu.

Mimi yale niliyokwambia niliyaokota. Madereva wanaongea wakisubiri. Mafundi wanaongea wakitia sahihi. Kuna kijitabu cha maelezo mtu alikitupa kwenye mtaro, nikakikausha, nikakisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha shule. Nilitaka uwe na kitu kizuri kutoka kwangu, na mkononi sikuwa na kingine.

Simu naruhusiwa kuwa nayo. Nilikuwa sipokei kwa sababu hazipiti dakika mbili bila honi, na mtu anapaza sauti, "We mlinzi! Geti!" Sikutaka usikie wakiniita hivyo.

Sijaula, dada. Funguo za wingu sina na sijawahi kuzishika. Nafungua geti la magari, nimesimama juani kuanzia asubuhi mpaka jioni, na ndani ya lile jengo sijakanyaga hata siku moja. Nilikudanganya.